Fahamu Gari Lako: Kompyuta ya Injini na Wanaoiandika Upya

Katika masomo ya usalama barabarani tunayokuletea sambamba na kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyozinduliwa na Polisi ya Taifa mwaka 2019, tumezoea kuzungumzia mambo yanayoonekana kwa macho: tairi lililokwisha, kivuko cha waendao kwa miguu, kofia ngumu ya abiria wa pikipiki. Safari hii tunaingia katika jambo lisiloonekana. Tutaeleza kompyuta ya injini ni nini, inafanyaje kazi, na nini hasa hutendeka pale vijana wa gereji za Gatsata na Nyamirambo wanaposema kwamba wameliflashi gari. Ni somo la mwanzo kabisa. Halimfanyi mtu kuwa fundi. Linakusudia kumwezesha mwenye gari, dereva na hata abiria kuuliza swali lililo sahihi kabla kebo haijachomekwa.

Tumelazimika kuliandika kwa sababu sisi wenyewe, tuliovaa sare na kusimama barabarani miaka mingi, tulikuwa hatulijui.

Kisa chenyewe ni hiki. Asubuhi moja, katika operesheni ya kawaida kwenye barabara itokayo Kigali kuelekea Musanze, basi dogo la abiria lilipimwa likienda kilomita 84 kwa saa. Hilo halikupaswa kuwezekana, maana Amri ya Rais ya mwaka 2015 iliagiza magari ya abiria yawekewe kidhibiti mwendo kisichoruhusu kuzidi kilomita 60 kwa saa. Askari wetu walifanya walichofundishwa. Walitafuta waya uliokatwa, maana wako madereva wanaokata. Wakakagua lakiri zilizowekwa kwenye viunganishi. Waya zilikuwa nzima, lakiri zilikuwa nzima, na dereva aliapa kwamba hajagusa kitu. Kwa kweli hakuwa amegusa.

Tulimwita fundi wa umeme wa magari, kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano, mwenye gereji ndogo huko Gatsata. Alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akatazama kioo cha kompyuta yake kwa dakika chache, kisha akatuambia kwa upole, “Afande, mnatafuta waya. Hapa hakuna waya. Ni namba imebadilishwa.” Kikomo cha mwendo cha basi lile kilikuwa namba iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta ya injini, na mtu alikuwa ameifuta.

Mwenye basi, mzee mstaafu aliyelinunua kwa mkopo, hakuficha. Alisema kwamba miezi miwili kabla alimlipa mtu amwongezee basi nguvu ya kupanda milima na kulipunguzia ulaji wa mafuta. Kikomo cha mwendo hakukitaja, wala yule aliyemlipa hakukitaja. Kumbe faili alilowekewa lilitengenezwa mbali, kwa ajili ya gari lisilobeba abiria, na aliyelitengeneza alikuwa amekwisha kuondoa kikomo kama sehemu ya mazoea yake ya kazi. Mzee aliagiza mstari mmoja, akaletewa kitabu kizima ambacho hakuna aliyekisoma. Ndiyo maana somo hili linaanza na kitabu hicho.

Kilichomo ndani ya kisanduku

Wazee wetu wanazikumbuka Toyota Stout zilizopanda na kushuka milima ya nchi hii na mizigo ya ndizi na viazi. Injini zile zilikuwa na kabureta iliyochanganya petroli na hewa, na distribyuta iliyogawa cheche kwa plagi. Fundi alirekebisha kwa bisibisi, na sikio lake ndilo lililokuwa kipimo. Alipokosea kidogo, gari lilitoa moshi au lilikataa kuwaka asubuhi, naye alirudi na bisibisi ileile.

Mwaka 1979 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo ulioitwa Motronic, ukafungwa kwanza katika BMW 732i. Humo kompyuta moja ilisimamia mafuta na cheche kwa pamoja. Leo ni nadra kukuta gari linaloingizwa nchini lisilo na kompyuta ya namna hiyo. Ni kisanduku cha alumini, ukubwa wake kama kitabu cha shule, kilichofichwa karibu na injini au nyuma ya dashibodi.

Kisanduku hicho hakioni barabara. Hutegemea habari za vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa: kimoja hupima hewa inayoingia, kingine joto la maji, kingine mahali ilipo kamshafti, kingine oksijeni iliyobaki katika moshi, kingine husikiliza kama injini inagonga. Kwa habari hizo kompyuta huamua mambo mawili makubwa katika injini ya petroli: injekta ifunguke kwa muda gani, na cheche ipigwe lini. Kazi hiyo haina mapumziko. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huzunguka mara 50 katika sekunde moja. Na katika injini ya silinda nne, mafuta huungua mara 100 ndani ya sekunde hiyohiyo. Kila mara uamuzi mpya.

Kompyuta haipati nafasi ya kufikiri upya kila mara. Hutazama majedwali ambayo wahandisi wa kiwanda wameyajaza kwa miezi, pengine miaka, wakiwa katika vyumba vya majaribio. Majedwali hayo ndiyo yanayoitwa ramani. Chukua daftari la mtoto lenye jedwali la kuzidisha: ukishuka mstari wa 7 na kwenda safu ya 8, unakuta 56. Ramani ya injini ni vivyo hivyo. Mistari yake ni kasi ya mzunguko wa injini, safu zake ni uzito wa kazi ambayo injini inaifanya, na kisanduku cha makutano kina namba: mafuta kiasi hiki, cheche nyuzi kadhaa kabla pistoni haijafika juu, tabo isukume hewa kwa shinikizo hili. Gari moja laweza kuwa na mamia ya majedwali ya namna hiyo, na mengine yana namba moja tu. Kikomo cha mwendo wa juu mara nyingi ni namba moja tu.

Kwa petroli, uwiano unaounguza mafuta yote na hewa yote ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mkavu. Mafuta yakizidi, huwa mzito. Injini ikielemewa sana hupewa mafuta zaidi kidogo ili ipoe. Anayebadilisha namba hizi bila kupima kinachotoka katika bomba la moshi ni sawa na mpishi anayetia chumvi gizani.

Hapa huzuka swali ambalo vijana hutuuliza, nalo ni swali zuri: kama injini inaweza kutoa nguvu zaidi, kwa nini kiwanda hakikuitoa? Jibu ni kwamba injini ileile huuzwa katika nchi zenye barafu na nchi za jangwa, kwa watu wanaobadilisha oili kwa wakati na kwa watu wanaosahau mwaka mzima, penye mafuta mazuri na penye mafuta mabaya. Kwa hiyo kiwanda huacha akiba. Mrekebishaji wa ramani haumbi nguvu mpya. Anatumia akiba ile. Injini yenye tabo, petroli kwa dizeli, ina akiba kubwa, na kuongezeka nguvu kwa robo si jambo la kushangaza. Injini ndogo isiyo na tabo huongezeka kidogo sana, kiasi ambacho dereva huweza kukipata kwa kubadilisha tu chujio la hewa lililoziba.

Kuflashi

Zamani ramani ilihifadhiwa katika chipu yenye kidirisha kidogo cha kioo. Aliyetaka kuibadilisha aliing'oa, akaifuta kwa mwanga wa urujuanimno, akaiandika upya katika mashine na kuirudisha. Kisha ikaja aina ya kumbukumbu inayofutika kwa umeme kwa mkupuo, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani katika miaka ya 1980. Kumbukumbu hiyo ilipewa jina la flashi, na ndiyo asili ya neno la gereji zetu. Sasa hakuna haja ya kung'oa chipu. Tundu la uchunguzi lenye pini 16, ambalo Marekani ililifanya kuwa la lazima kwa magari mapya mwaka 1996 na Ulaya kwa magari ya petroli tangu mwaka 2001, liko chini ya usukani wa karibu kila gari. Kiwanda hulitumia kusoma hitilafu na kuingiza masahihisho yake, na mlango huohuo ndio anaoingilia mrekebishaji. Magari mengine mlango huo umefungwa, ndipo fundi hulazimika kufungua kisanduku chenyewe mezani.

Kazi iliyofanywa vizuri ina utaratibu. Kwanza fundi husoma namba ya kompyuta na toleo la programu yake, kwa sababu magari mawili yanayofanana rangi na umbo huweza kuwa na programu zisizoelewana. Pili huchunguza hitilafu zilizopo, na mwenye tabia njema ya kazi hukataa kuendelea kama injini ni mgonjwa. Kuongezea nguvu injini inayovuja ni kumpiga mjeledi punda aliyevunjika mguu. Tatu huchukua nakala ya faili la asili na kuihifadhi. Baada ya hapo ndipo hubadilisha namba anazozijua, na tunasisitiza anazozijua. Faili lina hesabu ya uhakiki, yaani jumla inayoithibitishia kompyuta kwamba hakuna herufi iliyopotea njiani. Namba zikibadilika, jumla hiyo nayo sharti isahihishwe, la sivyo kompyuta hulikataa faili au gari halitawaka.

Mwisho ni kuandika, na hapo ndipo magari hufa. Uandishi huchukua dakika kadhaa, injini imezimwa na swichi iko wazi. Feni huzunguka, taa huwaka, betri hushuka. Umeme ukiyumba katikati ya kazi, kompyuta hubaki na nusu ya programu ya zamani na nusu ya mpya, haijui tena hata namna ya kuamka. Fundi mwangalifu huunganisha chaja imara inayoshikilia volti bila kutetereka. Ukimwona mtu anaandika kompyuta ya gari lako akitegemea betri ya gari lenyewe iliyochoka, nje ya gereji, na kompyuta yake ya mkononi ikiwa na asilimia chache za chaji, mwombe kwa heshima asianze.

Mlima una hesabu yake

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa nchi ya vilima kuliko wengi, nalo ni hewa. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa yetu ni takriban kilopaskali 84, ilhali Mombasa na Dar es Salaam ni takriban 101. Injini isiyo na tabo, ikivuta pumzi hapa, hupata hewa pungufu kwa asilimia 15 hivi, na nguvu yake hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hakuna faili liwezalo kuumba hewa isiyokuwapo. Anayemwahidi mwenye gari dogo lisilo na tabo kwamba atalirudishia nguvu ya pwani kwa kompyuta anamuuzia matumaini.

Kwa gari lenye tabo hatari hugeuka upande wa pili. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa. Tuseme faili linaitaka ifikishe kilopaskali 200. Ufukweni itaizidisha hewa karibu mara 2. Hapa Kigali, ili kufikia 200 ileile kutoka 84, lazima iizidishe karibu mara 2.4, na barabara ya Musanze ikipanda zaidi ya mita 2,000 kazi huwa kubwa zaidi. Tabo huzunguka kwa kasi ambayo mtengenezaji wa faili, akiwa katika nchi ya tambarare, hakuikusudia. Ramani za kiwanda aghalabu zina jedwali la kupunguza shinikizo kadiri gari linavyopanda. Baadhi ya mafaili yanayouzwa huwa yamelifuta jedwali hilo ili dereva “asihisi uvivu”. Halafu tabo hupasuka mlimani, oili huvuja katika bomba la hewa, na injini ya dizeli huanza kujilisha oili yake yenyewe, ikizunguka kwa kasi hata baada ya ufunguo kutolewa. Aliyewahi kulishuhudia jambo hilo hasahau mlio wake.

Petroli nayo ina lugha yake. Faili lililoandikwa kwa ajili ya petroli ya okteni 98 hupiga cheche mapema zaidi. Likipewa petroli ya okteni ndogo, mafuta hulipuka kabla ya wakati na injini hugonga. Kompyuta husikia na kurudisha cheche nyuma, kwa hiyo nguvu uliyoilipia haionekani, na kihisi kikiwa kibovu pistoni hutoboka. Kabla ya kununua faili, muulize muuza mafuta wako pampu yake ina okteni ngapi.

Moshi

Tutapita haraka hapa, ingawa jambo si dogo. Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni yana kichujio cha masizi na vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza sumu. Vikiziba, kuvitengeneza ni ghali, ndipo mtu hushauriwa “avifute” kwa kompyuta na kutoboa kichujio kwa msumeno. Gari huenda, taa ya dashibodi huzimika, na watoto wanaosubiri basi pale Nyabugogo hulipa gharama kwa mapafu yao. Nchi za Afrika Mashariki zilipunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na dizeli yenye salfa nyingi ndiyo iliyokuwa ikiharibu vifaa hivi. Ni hasara kusafisha mafuta kisha kumtupa mchujaji.

Ulimwengu ulilipata somo hili mwaka huohuo wa 2015, pale mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipotangaza kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari ya dizeli programu inayotambua kuwa gari liko kwenye kipimo, likajisafisha kwa muda huo, na likirudi barabarani likatoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari yaliyohusika yalikuwa takriban milioni 11 duniani. Kama kiwanda kikubwa kiliweza kuficha jambo hilo katika faili kwa miaka, msomaji ataelewa kwa nini hatukubali neno la fundi kwamba “hakuna kitakachojulikana”. Hapa kwetu, tangu Agosti 2025, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, REMA, imeanza upimaji wa moshi wa magari katika kituo cha Ndera. Mashine hupima kinachotoka katika bomba. Haiulizi taa ya dashibodi inasema nini.

Namba 60

Sasa turudi kwenye basi. Dereva wake alituambia, kwa unyofu, kwamba tofauti ya 60 na 84 haikumtisha. Ni kilomita 24 tu. Tulichukua kalamu na karatasi, tukakaa naye kando ya barabara.

Nguvu ya mgongano haiongezeki sawasawa na mwendo. Huongezeka kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Ukigawa 84 kwa 60 unapata 1.4, na 1.4 mara 1.4 ni karibu 2. Maana yake basi lilikuwa limebeba karibu mara mbili ya nguvu ambayo breki zake zilitakiwa kuizima. Basi lenye breki nzuri, katika lami kavu iliyo tambarare, likiwa kwenye 60 huhitaji mita 28 hivi kusimama tangu breki zinaposhika. Likiwa kwenye 84 huhitaji mita 54 hivi. Ongeza sekunde moja ambayo dereva huitumia kuona na kukanyaga: katika 60 basi limekwenda mita 17 bila breki, katika 84 limekwenda mita 23. Jumla ni mita 45 dhidi ya mita 77. Kisha ondoa utambarare, weka mteremko wenye kona, weka mvua ya Aprili, weka abiria waliojaa na mizigo yao.

Dereva alitazama namba zile kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia: kwamba alikuwa amegundua tangu wiki ya kwanza. Basi lilipopita 60 bila kuzuiwa alidhani mzee ndiye aliyetaka hivyo, na mzee alipoona basi linarudi mapema alidhani dereva amekuwa hodari. Kila mmoja alinyamaza kwa heshima ya mwenzake, na kimya hicho kilidumu miezi miwili kikiwa na abiria ndani yake.

Kamera za barabarani, ambazo wananchi wamezipa jina la Sofiya, humnasa aliyezidi mwendo mahali zilipo. Hazijui ni nani aliyefuta namba ndani ya kisanduku. Kwa gari la abiria jukumu hilo halimwangukii dereva peke yake. Linamgusa mwenye gari na aliyeshika kebo.

Kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo

Hatuwachukii vijana wanaopenda magari yenye kasi. Baadhi yetu huomba zamu ya ulinzi wakati wa Mountain Gorilla Rally ili tu tuyaone magari yale yakipita katika vumbi, na Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021 huko Naivasha tuliifuatilia kama kila mtu. Magari ya mashindano huandikwa upya kompyuta zao, lakini pia hubadilishwa breki, hufungwa vizimba vya chuma, na hukimbia katika barabara iliyofungwa. Anayenakili faili peke yake na kuacha breki za kiwanda amenakili nusu ya kazi.

Kwa hiyo kama umeamua, muulize fundi faili limetoka wapi na liliandikwa kwa gari gani, katika mwinuko gani, kwa mafuta gani. Muulize amebadilisha majedwali yapi, na umtake ayaandike katika risiti yenye jina lake. Asiyeweza kuyataja hajui alichokifanya, na hilo ni jibu tosha. Mtake akupe nakala ya faili la asili mkononi mwako, si katika simu yake. Kampuni ya bima ijulishwe kabla, si baada ya ajali, ambapo barua zake huwa na lugha nyingine kabisa. Na kama ni gari la abiria au lori, kikomo cha mwendo kipimwe barabarani baada ya kazi, hata kama kazi yenyewe ilikuwa ya kubadilisha kitu kingine.

Liko jambo jingine ambalo kama polisi hatuwezi kuliacha. Vifaa vinavyoandika ramani, vingi vyao huweza pia kuzima kinga ya wizi inayotambua ufunguo, kutengeneza ufunguo wa pili, na kurudisha nyuma kilomita zilizokwisha kusafiriwa. Kumwachia mtu usiyemfahamu gari lako usiku kucha kwa ajili ya kuflashi ni kumwachia nyumba yako ili apime kufuli. Kaa naye. Kazi yenyewe haichukui usiku kucha.

Basi la mzee lilisimama siku tisa. Yule aliyeliandika hakuwa amehifadhi faili la asili, na simu yake haikupatikana tena. Ilibidi fundi kijana wa Gatsata aombe faili lenye namba ileile ya kompyuta kwa wakala wa gari, kisha alipeleke kituo cha ukaguzi. Siku ya kumi tulipanda sisi wawili, dereva na fundi, basi likiwa tupu, tukaelekea kaskazini. Katika sehemu iliyonyooka dereva alikanyaga hadi mwisho. Sindano ilipanda, ikafika 60, ikatulia hapo huku injini ikinguruma bila kwenda zaidi. Fundi aliturudisha Gatsata, akaandika nakala mbili za faili katika flashi mbili ndogo. Moja alibaki nayo. Nyingine mzee aliifunga katika karatasi, akaiandika tarehe, na kuitia katika bahasha ileile anamohifadhi kadi ya njano ya gari.

Siku hizi, askari wa kikosi chetu wakisimamisha basi lililozidi mwendo, boneti si kitu cha kwanza wanachokifungua. Humuuliza dereva kwanza: mara ya mwisho kebo kuchomekwa chini ya usukani huu ilikuwa lini, na ni nani aliyeichomeka?